Meli, Leta na Baharia: Historia ya CFL Ziwani Tanganyika Ikisomwa Kutoka Baraka

Tarehe 4 Januari 1902 ilizaliwa Brussels kampuni yenye jina refu, Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains. Mwanzilishi wake alikuwa tajiri wa reli Édouard Empain, na aliyempa kibali ni Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye wakati huo aliishika Kongo kama mali yake binafsi. Kampuni ilitwikwa kazi ya kujenga reli kutoka mto Lualaba hadi maziwa makuu, na kwa malipo ikaahidiwa hekta milioni 4 za ardhi, ardhi iliyokuwa na wenyewe tangu enzi za mababu. Jina lile refu halikudumu midomoni. Zikabaki herufi tatu, CFL, na kwa zaidi ya nusu karne herufi hizo ziliamua meli itie nanga wapi, mzigo uvushwe kwa bei gani, na mtu wa mwambao apewe kazi gani ndani ya meli.

Baraka, mji wetu wa Fizi kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, haikuwa makao ya kampuni hiyo. Makao yake ziwani yalikuwa Albertville, mji ambao leo ni Kalemie. Lakini bandari haiishi kwa gati na winchi tu. Huishi kwa mikono ya watu, kwa chakula cha mashamba ya jirani, kwa pamba na mawese ya vijiji vya pembeni, na kwa ujuzi wa wale waliozaliwa wakiisikia kusi ikivuma. Hivyo vyote vilitoka katika mialo kama yetu. Kwa hiyo historia ya CFL ni historia yetu pia, na inafaa isimuliwe kutoka hapa ghubani.

Ghuba kabla ya moshi wa meli

Kati ya Baraka na rasi ya Ubwari lipo ghuba ambalo msafiri Stanley, alipolizunguka ziwa mwaka 1876, aliliandika kwa jina la Burton. Burton mwenyewe alikuwa amepita pande hizi na mwenzake Speke mwaka 1858. Walikodi mitumbwi Ujiji, wakavuka kupitia Ubwari, wakafika Uvira. Rasi ya Ubwari waliiandika kuwa kisiwa. Waliowafikisha salama ni wapiga makasia wa ziwa, waliojua pa kulala upepo unapochafuka na mwalo gani una maji matulivu.

Ujuzi huo ulikuwa na wenyewe. Wabwari na Wazoba waliishi kwa uvuvi na biashara ya kuvuka ng'ambo, na Wabembe waliteremka kutoka milimani na mazao yao. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa miti ya milima ya upande huu wa magharibi, ikauzwa hadi Ujiji. Ziwa lenyewe halikubali mzaha. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kina chake kinafika mita 1,470, na wakati wa kiangazi kusi huvuma kwa urefu wote huo bila kizuizi, ikainua mawimbi ambayo mgeni hudhani ni ya bahari.

Lilikuwa pia ziwa la machozi. Misafara ya watumwa ilivuka kutoka mwambao huu kwenda Ujiji, na wakubwa wa biashara hiyo, akiwemo Rumaliza, walikuwa na nguvu kuliko chifu yeyote wa pwani. Mapadri Weupe walifungua misheni upande wa Masanze mwaka 1880, kisha Kibanga, karibu na ghuba, mwaka 1883. Mwaka 1893 waliiacha Kibanga wakahamia kusini. Dola ya Leopold ilipokuja na bunduki zake ilijitangaza kuwa mkombozi wa watumwa, na hapo hapo ikaleta kazi za shuruti zake yenyewe.

Reli yafika, vita vyaanza

Njia ya CFL ilikuwa ya vipande vipande. Kutoka Stanleyville, yaani Kisangani, reli ya kilomita 125 iliyazunguka maporomoko hadi Ponthierville. Hapo mzigo ulihamishiwa kwenye boti la mtoni hadi Kindu. Kutoka Kindu reli nyingine ya kilomita 355 ilienda Kongolo, kisha boti tena hadi Kabalo, kisha reli ya mwisho ya kilomita 273 hadi ziwani. Kila palipobadilishwa chombo, watu walipakua na kupakia upya kwa mabega yao. Kipande hicho cha mwisho kilifika Albertville mwezi Machi 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wajerumani walikuwa wametangulia. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mapema mwaka 1914. Tarehe 22 Agosti mwaka huo meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu, na ziwa lote likawa mikononi mwao. Februari 1915 wakateremsha majini Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa Kigoma kwa vipande.

Waingereza walijibu kwa boti mbili, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Cape Town kwa treni, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa trekta za mvuke na maksai, na zikafika ziwani mwaka 1915. Tarehe 26 Desemba waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi Julai Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, na tarehe 28 ya mwezi huo Wabelgiji wakaingia Kigoma. Vitabu vingi vya Ulaya vimesimulia kisa hicho kama kioja cha maofisa wachache. Sisi tukumbuke kwamba barabara ya kupitisha boti zile ilikatwa na wenyeji, na kwamba jeshi lililoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 lilitembea nyuma ya maelfu ya wapagazi, wengi wao wasirudi makwao.

Bandari ya Ubelgiji katika nchi ya Mwingereza

Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji waligawana mwambao wa mashariki. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Ubelgiji, Kigoma ikaenda kwa Mwingereza. Lakini Wabelgiji walitaka mlango wa bahari, kwa sababu kutoka Kigoma treni moja ilitosha kufika Dar es Salaam, umbali wa kilomita 1,250 hivi, wakati njia ya Matadi, bandari ya mto Kongo, ilidai kupakua na kupakia mara nyingi. Mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 uliwapa walichotaka: viwanja viwili vya bandari, kimoja Kigoma na kimoja Dar es Salaam, vikodishwe kwao milele kwa faranga 1 kwa mwaka. Viwanja hivyo viliitwa Belbase. Mzigo wa Kongo na wa Ruanda-Urundi ulipita hapo bila kutozwa ushuru wa forodha wa Tanganyika.

Hivyo ndivyo ziwa letu lilivyowekewa mfumo. Upande wa kusini ilikuwepo Albertville na karakana yake ya meli. Upande wa kaskazini zilikuwepo Kalundu, bandari ya Uvira, na Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Ng'ambo ilikuwepo Kigoma na lango la kwenda baharini. Meli za CFL zilizunguka kati ya bandari hizo. Mojawapo iliitwa Duc de Brabant, na mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh aliipanda Kigoma mwaka 1931 kwenda Albertville. Waingereza nao waliiibua Götzen kutoka majini mwaka 1924, wakaitengeneza, na tangu 1927 imejulikana kwa jina la Liemba.

Tazama safari ya gunia moja la kahawa ya Urundi. Lilibebwa kichwani kutoka mlimani hadi Usumbura. Hapo karani alilipima, akaliandika kwenye hati ya shehena, na kuli akalishusha ndani ya tishari. Lilivuka ziwa likavutwa na meli. Kigoma lilipakuliwa ndani ya uzio wa Belbase, likahesabiwa tena, likapandishwa kwenye behewa. Dar es Salaam lilishushwa mara nyingine, likangoja meli ya Antwerp. Katika kila kituo mkono wa Mwafrika uliligusa gunia lile, na katika kila kituo Mzungu ndiye aliyetia sahihi.

Watu wa kazi na sheria iliyowashika

Kusimamia bandari wakati wa ukoloni kulimaanisha kwanza kusimamia watu. Ndani ya meli ngazi zilipangwa kwa rangi. Daraja la nahodha na la fundi mkuu wa mitambo lilishikwa na Wazungu. Chini yao walikuwepo washika usukani, wachochea tanuri, watu wa kamba na nanga, wapishi na madobi. Bandarini walikuwepo makarani waliosoma misheni, makapita waliosimamia makundi, na makuli. Aliyejua upepo na miamba ya ziwa kuliko wote, mara nyingi, ndiye aliyelipwa kidogo.

Sheria kubwa iliyowagusa ilikuwa dikrii ya tarehe 16 Machi 1922 juu ya mkataba wa kazi kati ya wenyeji na mabwana wao. Kwa upande mmoja ilimlazimu mwajiri atoe mshahara, posho ya chakula, malazi na matibabu, na mkataba usizidi miaka 3. Kwa upande mwingine iligeuza kosa la kazi kuwa jinai. Aliyeacha kazi kabla ya muda wake, au aliyekaidi amri, hakupoteza mshahara tu. Aliweza kupelekwa mahakamani na kufungwa. Kwa baharia wa ziwa maana yake ilikuwa wazi: ukiteremka mwaloni kwenu kumzika mzazi, ukaiacha meli iondoke, umekuwa mhalifu.

Kutoka kijijini pia kulihitaji ruhusa. Mtu wa Fizi aliyetaka kwenda kutafuta kazi Albertville kwa zaidi ya siku 30 alipaswa kupata hati ya kuhama kutoka kwa leta, yaani dola ya kikoloni. Nyuma yake alibaki chifu anayedaiwa idadi ya walipa kodi, na shamba la lazima, kwani tangu 1917 dola ya Wabelgiji ilikuwa imeanza kuwalazimisha wakulima kulima pamba. Ndiyo maana wengi waliingia kwenye kazi za meli na bandari wakikimbia jembe la shuruti na kiboko, na wakakuta kiboko kingine kinawangoja.

Mabaharia wa ziwa hili walikuwa sehemu ya familia kubwa ya watu wa bandari, na habari za bandari moja zilifika nyingine. Makuli wa Dar es Salaam, miongoni mwao waliobeba mizigo ya Wabelgiji, waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wa 1947 ulitoka gatini ukaenea bara kufuata reli. Huko Matadi makuli waligoma Novemba 1945 na serikali ikawajibu kwa risasi. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliruhusu vyama vya wafanyakazi Waafrika, ila kwa masharti yaliyoviacha chini ya jicho la afisa wa serikali. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguka. Katika miaka ya 1950 zile adhabu za jela kwa makosa ya kazi zilianza kuondolewa.

Lazima pia tuseme haki. Mfumo ule ulikuwa na nidhamu ya chombo. Meli ilikuwa na ratiba, tanuri lilikaguliwa, shehena iliandikwa, na karakana ya Albertville ilifundisha ufundi kwa vijana waliotoka vijijini. Ufundi huo ni mali iliyobaki. Kosa lake kubwa ni kwamba uangalizi wote ulilenga mzigo ufike na mkono usikimbie. Maisha ya mwenye mkono yalihesabiwa baadaye, kama yalihesabiwa.

Uhuru, na meli zilizobadilisha kazi

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tanganyika ilifuata Desemba 1961, na serikali yake chini ya Julius Nyerere ikakataa kufungwa na mikataba ya Belbase. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Mwingereza alikuwa msimamizi wa muda, na msimamizi wa muda hawezi kukodisha milele kitu ambacho si chake. Faranga ile moja kwa mwaka ikafikia mwisho.

Kwetu Fizi uhuru ulifuatwa na moto. Uasi wa 1964 uliifikia Albertville katikati ya mwaka huo. Milima ya Fizi ikawa ngome ya waasi, na Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na wapiganaji wa Cuba, akajiunga na watu wa Laurent-Désiré Kabila. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo askari wa kukodiwa wa Mike Hoare waliivamia Baraka kutoka majini. Ziwa lililokuwa njia ya pamba na kahawa likawa njia ya silaha na ya wakimbizi.

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliunganisha CFL na kampuni nyingine za reli, ikaunda shirika la reli la taifa, SNCZ, ambalo tangu 1997 linaitwa SNCC. Shirika hilo lilirithi bandari za Kalemie na Kalundu pamoja na meli zake. Lilirithi vilevile deni la uangalizi: vyombo vikazeeka, mafundi wakastaafu, vipuri vikakosekana.

Vita vya 1996 na vile vya 1998 vilipowafukuza watu wetu kwenda ng'ambo, ni meli hizi za zamani zilizowarudisha. Mwaka 1997 Liemba, ile ile Götzen ya Wajerumani, ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ikarejesha zaidi ya wakimbizi 75,000. Kuanzia Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kuwaleta watu kwa meli kutoka Kigoma moja kwa moja hadi Baraka. Familia zilizoishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu huko Tanzania, zenye watoto waliozaliwa kambini, ziliteremka kwenye mchanga wa ghuba hili na mabunda yao.

Tulichorithi na tunachodai

Leo bandari ya Baraka inaonekana vizuri pale Mushimbakye. Boti la mbao lenye injini linasimama mbali kidogo na ufuo, kwa sababu maji ya ukingoni ni machache. Wapagazi wanaingia hadi kifuani, gunia la mihogo au la ndagala kichwani, mwingine na jerikani za mawese. Abiria asiyetaka kulowa anabebwa mgongoni kwa malipo. Ndani ya boti kuna anayepanga mzigo, na sanaa yake ni ile ile ya zamani: kizito chini na katikati, chepesi juu, njia ya maji ya kuchota iachwe wazi. Akikosea yeye, nahodha hawezi kusahihisha wimbi likishakuja.

Na makosa yanaua. Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala, jina la mto na la sekta yetu, ilipinduka ziwani ikiwa imejaa kupita kiasi, na zaidi ya watu 120 walikufa. Huo si msiba wa bahati mbaya. Ni matokeo ya ziwa ambalo zamani lilikuwa na msimamizi mkali wa kumchunga mfanyakazi, kisha likakosa msimamizi wa kumlinda mtu yeyote. Tena kati ya 2020 na 2024 maji yalipanda kwa kiwango kilichofunika sehemu za bandari na nyumba za mwambao, na kuwaonyesha wote kwamba gati lililojengwa kwa vipimo vya jana halitoshi leo.

Kuikumbuka CFL, basi, kuwe kazi ya kuchambua. Ubaguzi wa madaraja, jela kwa mwenye kuacha kazi na faida iliyohamia Brussels tuvitupe bila huruma. Daftari la abiria, alama ya mwisho wa mzigo ubavuni mwa chombo, ukaguzi wa injini na cheti cha nahodha tuvirudishe, safari hii kwa ajili ya anayesafiri na anayefanya kazi. Mitihani ya unahodha itolewe kwa Kiswahili, lugha ambayo mabaharia wa Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Baraka wote wanaelewana nayo. Jaketi la kuokolea liwe sharti la kuondoka mwaloni, kama tiketi ilivyo sharti.

Lipo pia jambo la heshima. Wabelgiji walizipa meli zao majina ya mabwana wakubwa wa kwao. Washika usukani, wachochea tanuri na makuli waliozifanya zitembee hawakuandikwa popote panapoonekana na watoto wao. Wazee wachache waliofanya kazi Kalundu na Albertville miaka ya 1950 bado wapo hai katika familia zetu, na wengine walioondoka wameacha vitabu vya kazi kwenye masanduku. Shule za Baraka, parokia, misikiti na vyama vya wavuvi vina uwezo wa kuyakusanya majina hayo sasa, kijiji kwa kijiji, kutoka Mboko hadi Ubwari, pamoja na meli ambayo kila mmoja aliitumikia na kazi aliyoifanya. Daftari hilo likikamilika, litundikwe katika ofisi ya bandari, mahali ambapo kila nahodha mpya atakuja kuandikisha chombo chake.